Ombi la Kusimamisha Ukwe kwa Siku Ishirini na Moja

Kija Mashimba (Mwalimu Mstaafu),
Mtaa wa Jiwe Kuu, Kiseke,
Mwanza.
Jumamosi, 20 Septemba 2025.

Afisa Mtendaji wa Mtaa,
Mtaa wa Jiwe Kuu.

Ndugu Mtendaji,

YAH: KUSIMAMISHWA KWA MUDA UKWE WA NDUGU OBEDI ILI AWEZE KUINGIA CHUMBANI KWANGU NA KUPIMA

Kichwa cha habari hapo juu hakina makosa. Nimekiandika kwanza kwa penseli, nikakisoma mara tatu, ndipo nikakipitia kwa wino. Naomba usimpe karani wako akisome kwa sauti.

Shikamoo yako naipokea kabla hujaitoa: marahaba, Yassin. Nilikufundisha darasa la nne, ukakaa dawati la mbele kwa sababu ya utundu, na sioni kwa nini cheo kivuruge mpangilio huo wa salamu. Baada ya hapo naomba unisahau kama mwalimu wako, unisikilize kama mkazi mwenye shida. Nimekuja kwako kwa sababu ofisi yako ina muhuri, na jambo langu limefika mahali ambapo bila muhuri halisogei.

Nyumba yangu unaifahamu. Ni ile iliyo mbele ya jiwe kubwa, aliyoijenga marehemu mume wangu mwaka 1983: vyumba viwili, sebule na stoo. Choo na bafu viko nje, chini ya jiwe, ngazi kumi na moja. Mwezi wa tatu mwaka huu goti langu la kulia liligoma kwenye ngazi ya saba. Nilikaa hapo, si juu si chini, mpaka jirani yangu Getruda alipomaliza kuuza chapati zake za asubuhi ndipo akasikia naita.

Binti yangu Sabina, mtoto wangu pekee, ni muuguzi huko Ukerewe. Alipopata habari alipanda meli akaja, akaliangalia goti, akaziangalia ngazi, akanipa njia mbili. Ama nyumba iongezwe choo na bafu vya ndani kabla mvua za vuli hazijakolea, ama Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa kumi anakuja na gari kunihamishia nyumbani kwake na mumewe, Buzuruga. Nikachagua kuongeza nyumba. Mumewe, Obedi, ni mchora ramani, tena anasifiwa mjini kwa kuunganisha nyumba za zamani na vyumba vya kisasa. Alijitolea kuchora na kusimamia kazi yote mwenyewe, na hakutaka hata shukrani. Matatizo yalianzia hapo, maana Obedi ni mkwe wangu.

Wewe umezaliwa mjini, na kwenu mkwe hukaribishwa sebuleni akawekewa mto mgongoni, kwa hiyo inabidi nieleze. Kwetu sisi mkwe na mama mkwe wanaheshimiana kwa kuepukana. Mkwe haingii chumba ninacholala. Hakioni kitanda changu. Hatuli pamoja, hatuongei ana kwa ana, hatutumii choo kimoja wala hatutazamani usoni. Tukikutana njiani, mmoja wetu hugundua ghafla kitu muhimu sana juu ya mti. Tumeyashika haya miaka kumi na minne bila kosa hata moja, na nasema kwa fahari kwamba hakuna mkwe mpole kama Obedi katika kata hii nzima. Sauti yake siijui vizuri, lakini wanaoijua wanaisifu.

Sasa pima mwenyewe. Sabina anarudi Buzuruga mara moja kwa mwezi. Maana yake, nikihamia kule, siku zilizobaki tutakuwa mimi na mkwe, paa moja, choo kimoja, korido moja. Nitakaa chumbani nikisikiliza kama amepita, naye atakaa chumbani kwake akisikiliza kama nimepita, mpaka tukutwe wote wawili tumekauka. Nitakufa, Yassin, na sitakufa kwa goti. Ninataka kubaki kwenye nyumba yangu, na ili nibaki ni lazima ujenzi huu uishe, tena uishe vizuri. Haya yafuatayo ndiyo yanayouzuia.

1. Vipimo. Huwezi kuongeza nyumba bila kuipima iliyopo. Obedi alipima kuta zote za nje kwa tepu ya chuma na kuandika kila kitu kwenye daftari. Alipofika usawa wa chumba changu cha kulala alilipa dirisha mgongo, akaomba mtu mwingine aingie. Fundi wake Ngosha hakuweza, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mpambe wake siku ya harusi na ndiye aliyeswaga ng'ombe wa mahari mpaka hapa kwangu, kwa hiyo naye ni mkwe. Vibarua wawili waliobaki ni wadogo zake Ngosha. Utauliza kwa nini sikupima mimi, niliyefundisha hesabu miaka thelathini na moja. Mama mkwe kumpelekea mkwe urefu wa kitanda chake, kwa mwandiko wake mwenyewe, kuna tofauti gani na kumwita aje akione?

Akaingia Getruda. Getruda aliikataa ile tepu ya chuma, akisema kitu kinachojirudisha chenyewe ndani ya kibweta kinaweza kurudi na sentimita za watu. Akapima kwa kanga yake. Akatoka nje akatangaza kuwa chumba ni kanga mbili na robo. Obedi, kwa heshima, hakuuliza kanga ya nani. Alikwenda kwake akapima kanga mpya ya Sabina na kufanya hesabu. Kanga ya Getruda ni ile anayojifunga akikaanga, ambayo iliwahi kushika moto upande mmoja ikakatwa. Hivyo kwenye ramani chumba changu ni kirefu kuliko kilivyo, na mlango wa kwenda bafuni, uliochorwa pembeni kwa adabu kabisa, umetobolewa nusu chumbani na nusu stoo. Nusu yake inatazama kitanda changu, nusu inatazama magunia ya mahindi, na ukuta wa zamani umesimama katikati kama mtu aliyekuja kuamua ugomvi. Nikitaka kwenda kuoga napita kiubavu.

2. Paa. Nyumba za siku hizi zinaficha paa nyuma ya ukuta. Sijui bati limekosa nini. Mume wangu alipoezeka nyumba hii majirani walikuja kulitazama bati likimeta, na mmoja alikunywa uji akiwa amelikodolea macho. Sasa chumba kipya kimekaa pembeni ya nyumba yangu kama boksi la viatu lililosahauliwa na mgeni. Isitoshe, korongo wawili wameshahamia nyuma ya ukuta ule na wanabeba vijiti kutwa nzima. Hawaoni mtu, wala hakuna anayewaona. Katika kiwanja changu chote ni korongo tu ambao mila inawaendea sawasawa.

3. Jiwe. Obedi aliongeza na sebule mpya kwenye ramani, nami nilitegemea ingelikwepa jiwe kama mume wangu alivyolikwepa. Obedi amelizungushia kuta. Upande wote wa mbele wa jiwe umo ndani ya sebule, na taa imewekwa juu yake kulimulika. Nilipotuma Getruda kuuliza sababu, jibu lililorudi ni kwamba wenye nyumba kubwa mjini wanatamani kuwa na jiwe ndani na hawalipati. Mimi nililipata bure, na kwa miaka arobaini nimelianikia nguo, mihogo na dagaa. Leo limekuwa mgeni wa heshima, na dagaa zangu hazina pa kukaa. Wajukuu wa Getruda wameshaambiwa wasilipande kwa sababu ni urembo.

4. Dirisha. Hili limeniumiza. Upande wa ziwa wa sebule hiyo Obedi ameweka kioo kuanzia sakafuni mpaka juu, ili, nanukuu ujumbe ulivyonifikia, mama apate ziwa akiwa amekaa. Ziwa nimelipata. Lakini kati yangu na ziwa kuna njia, na kwenye njia hiyo mkwe hupita kila siku saa mbili asubuhi kuja kusimamia kazi, na kila siku saa kumi kwenda kwake. Kwa hiyo saa mbili asubuhi, mimi, mwanamke wa miaka sitini na tisa mwenye goti bovu, nainama pembeni ya jiwe la urembo mpaka apite. Naye, kwa kuwa anajua niko ndani, hupita akiwa amegeuza uso upande wa pili, na wiki iliyopita alipita hivyo hivyo mpaka ndani ya shimo la chokaa. Kibarua alimtoa. Niliyaona yote hayo kwa kioo alichoniwekea mwenyewe, na nilishindwa hata kumpa pole.

5. Kikohozi. Ili tusikutane ghafla, tulijiwekea utaratibu bila kuambiana. Akikaribia kona anakohoa. Nikiwa upande ule nakohoa, kumjulisha kuwa nipo. Naye anakohoa kunijulisha kuwa amesikia. Mimi nakohoa tena ili ajue kuwa najua. Ngosha, akiwa mkwe wa pili, anakohoa kwa zamu yake. Jumanne iliyopita alikuja mhudumu wa afya wa mtaa na vikopo vitatu vya makohozi, ametumwa na watu wanaopita njiani walioona kwamba katika kiwanja changu kuna kifua kibaya. Nilimweleza hakuna mgonjwa. Aliniambia ndivyo wanavyosema wote. Ilibidi tutoe, mimi ndani, Obedi na Ngosha nje, na vikopo vyetu vikaondoka kwenye mfuko mmoja, jambo ambalo nimeshindwa kuamua kama mila inaliruhusu.

6. Choo. Ndugu Mtendaji, hapa naomba uwe peke yako unaposoma. Choo kinachojengwa ni cha kukaa, kwa ajili ya goti. Choo cha kukaa kina kimo. Kikiwa chini sana siwezi kuinuka, kikiwa juu sana miguu inaning'inia. Kwa hiyo mchora ramani alihitaji kujua kimo cha kiti kinachonifaa. Fikiria swali hilo likitoka kwa mkwe kwenda kwa mama mkwe. Obedi alimwambia Ngosha kuwa kuna kipimo kimoja kimepungua. Ngosha alimwambia Getruda kuwa kuna kipimo cha chini kimepungua. Getruda alilitafakari siku mbili, kisha akaja kwangu na kigoda cha jikoni kwake, akaniomba nikae, akaniomba niinuke, akaniomba nikae tena, akayaangalia magoti yangu bila kuniambia sababu, akaondoka na kigoda chake. Kumbe alimpelekea Ngosha kile kigoda, Ngosha akampa Obedi, na Obedi akakitazama akaelewa. Hakuna aliyetamka neno choo kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na naona hiyo ni kazi nzuri ya watu wazima. Tatizo ni kwamba Obedi alirudisha kigoda kwa njia ile ile, Getruda akadhani kimekataliwa, akapeleka kirefu zaidi. Choo kilichofungwa juzi kinanifikia kiunoni.

Kutokana na hayo, utaona kwamba kosa si la mchora ramani. Ramani yenyewe ni nzuri, na wanaojua wanakuja kuipiga picha. Kosa si langu pia. Kosa ni la ukwe. Ukwe ukiwa kazini, nyumba haipimiki. Basi ukae pembeni, kazi iishe, urudi.

Ofisi yako inasimamisha mambo makubwa kuliko hili. Wakati wa mitihani ya darasa la saba ulisimamisha muziki wa baa na hakuna aliyesema baa imekufa. Barabara ikikarabatiwa magari huhamishwa wiki tatu na kupita nyuma ya nyumba za watu, kisha yanarudi. Mnadani huwa mnazuia ng'ombe wasipite kwa siku kadhaa kwa sababu ya ugonjwa, na ng'ombe wale wakirudi ni ng'ombe wale wale. Kama ng'ombe anaweza kusimamishwa na akabaki ng'ombe, sioni kwa nini mkwe asisimamishwe na akabaki mkwe.

Ninaomba hivi. Kuanzia Jumatatu ijayo, kwa siku ishirini na moja, Ndugu Obedi asihesabiwe kuwa mkwe wangu bali mchora ramani wa kawaida, mtu baki, kama yule aliyekuja kusoma mita ya maji. Ataingia, atapima, ataniuliza mimi mwenyewe kimo cha kiti na nitamjibu kwa sentimita. Barua iwe na muhuri na ibandikwe mlangoni, wapita njia waione, wasije wakasema Mwalimu Kija ameacha mila kwa sababu ya marumaru.

Nimefikiria pia swali utakaloniuliza, maana hata darasani ulikuwa na maswali: ukwe ukisimama, ndoa ya Sabina itasimama juu ya nini? Mtu hawezi kuwa na mke asiye na mama. Nimelitatua. Kwa siku hizo ishirini na moja Sabina ahamishiwe kwa Getruda kama binti wa muda, kwa maandishi. Hivyo ndoa inabaki na mama, na mimi nabaki na bafu. Nilimpelekea Getruda wazo hili akakubali mara moja, kisha baada ya nusu saa akarudi kwa haraka. Alikuwa amekumbuka kwamba Obedi hununua kwake chapati nne kila asubuhi, na akiwa mama mkwe wake hataruhusiwa kumtazama usoni wakati wa kumrudishia chenji. Tumekubaliana kwamba chapati ataziweka kwenye jiwe dogo la nje, agonge kikaango mara mbili, na kuondoka.

Kama sheria inakukatalia kugusa ukwe wa mtu, nina ombi la akiba. Unitangaze mimi mwenyewe kuwa eneo la ujenzi. Niwekewe utepe ule mwekundu na mweupe kuanzia kitandani mpaka mlango wa stoo, na kibao kinachokataza wasiohusika. Obedi akiingia hatakuwa amemtembelea mama mkwe, atakuwa amefika kazini, na mimi nitakuwa sehemu ya vifaa. Nitakaa kimya pembeni ya saruji. Nina uzoefu wa kukaa kimya. Nilihudhuria vikao vya walimu kwa miaka thelathini na moja.

Nakuomba usilichukulie hili kama utani wa mwanamke mzee. Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa kumi inakuja, na Sabina akisema anakuja na gari huwa anakuja na gari. Katika nyumba hii nilifikia nikiwa bibi harusi. Ndani yake nilimzaa Sabina, na ndani yake nilimfumba mume wangu macho. Sitaki kuiacha kwa sababu watu wawili wenye heshima zao wameshindwa kuambiana kwamba chumba ni kifupi. Inaniuma sana.

Nimalizie kwa kukutakia kazi njema. Mama yako mzazi, Bi. Raya, umwambie goti langu linaliulizia lake. Salamu kwa karani wako ambaye najua ameshaisoma barua hii kabla yako, kwa mgambo anayekaa mlangoni, na kwa yule kijana wa ramani za viwanja asiyepokea simu. Wake na watoto wa hao wote wasalimiwe, na yeyote niliyemsahau ajihesabu yumo.

Wako katika ujenzi wa mtaa,

Mwalimu Kija Mashimba,
Mama Mkwe (ombi la kusimamishwa likisubiri majibu).

NYONGEZA, Jumatatu 22 Septemba, kabla sijaifunga bahasha.

Yassin, usigonge muhuri.

Jana Jumapili mchana, nimetoka misani, mvua ilishuka ambayo haikuwa ya mwezi wake. Wale korongo walikuwa wamejenga kiota juu ya tundu la kutolea maji, nyuma ya ule ukuta unaoficha paa. Maji yalijaa kule juu, yakatafuta njia, yakaipata: nusu mlango. Yaliingia chumbani kwangu kama watu waliokuwa wanasubiri kufunguliwa. Obedi alikuwa ameliona wingu likitoka ziwani akaja mbio kuangalia paa lake. Sikumsikia akikohoa, na sidhani kama alikohoa.

Ninachokumbuka ni kwamba tulishakinyanyua kitanda, yeye kichwani, mimi miguuni, tumefika katikati ya chumba, ndipo tukakumbuka sisi ni nani. Tukasimama. Hatukuweza kukiweka chini kwa sababu ya maji, na hatukuweza kuendelea kukishika kwa sababu ya adabu. Yeye alitazama dari, mimi nikatazama shuka. Halafu yule mtu, akiwa ameshika kitanda cha mama mkwe wake kwa mikono miwili, akasema, "Mama, hiki chumba ni kifupi." Nikamwambia, "Ndicho ninachotaka ukijue tangu mwezi wa saba."

Tukakipeleka sebule mpya, kwenye pakavu, kikakaa pembeni ya jiwe. Kisha alirudi chumbani na tepu yake akapima kila kitu mwenyewe, na mimi nikamwambia sentimita za choo bila kigoda. Mlango unazibwa kesho na kutobolewa mahali pake. Anasema kazi itakwisha ndani ya wiki mbili, na Sabina ameshapigiwa simu asitafute gari. Ninabaki kwangu.

Kwa hiyo ombi langu ulichane. Na nina ombi jipya, la kinyume, nalo ni la haraka. Miaka kumi na minne nilidhani huyu mtu ni mpole. Kumbe ni ukwe uliokuwa umemziba mdomo. Tangu jana ana maneno. Anabishana nami kuhusu dirisha, kuhusu bati, anataka kuhamisha kabati langu, na amenieleza habari za mwanga wa asubuhi kwa dakika arobaini nikiwa nimesimama na goti hili. Naomba ofisi yako iurudishe ukwe mara moja kazi itakapokwisha, kwa nguvu zote za serikali: wa kitandani, wa chooni, na hasa ule wa kuongea.

Huo wa kula usiurudishe. Mvua ilipokatika tulikuwa tumelowa na tuna njaa, na jikoni kulikuwa na sato wawili. Nimekuwa nikimpikia Obedi tangu alipomuoa Sabina, chakula kikipelekwa nje kwenye sinia lililofunikwa, sinia likirudi tupu, nami sijui kama alikula yeye au mbwa. Jana alikaa mbele yangu juu ya ndoo ya saruji iliyogeuzwa, akala nikimwona. Anaanza na kichwa, na akimaliza mifupa imebaki safi. Kisha akaomba samaki wa pili, kwa mdomo wake mwenyewe, na nikampa wa kwangu.